Mkono Ulioshika Mkate: Kitenzi rdi cha Kimisri cha Kale

Katika daftari langu la kujifunzia Kimisri cha kale kuna ukurasa mmoja uliochafuka kuliko kurasa nyingine zote, na ukurasa huo ni wa kitenzi kimoja tu. Siku ya kwanza niliandika juu yake "rdi = kupa", nikapiga mstari, nikafungua ukurasa mwingine nikiamini kwamba kazi imekwisha. Miezi kadhaa baadaye neno "kupa" lilikuwa limekatwa mara mbili, likarudishwa, likakatwa tena, na pembezoni palikuwa pamejaa "kutia", "kuweka", "kuachia", "kuruhusu", pamoja na alama za kuuliza ambazo baadhi yake sikumbuki tena nilikuwa nauliza nini. Makala haya yanahusu ukurasa huo.

Anayeanza kusoma hieroglifi hukutana na kitenzi hiki mapema sana, kwa sababu kimeandikwa kwa picha isiyohitaji mwalimu: mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja, umenyooshwa, na juu ya kiganja pana mkate uliochongoka kuelekea juu. Mtaalamu wa Kimisri Alan Gardiner, alipoziorodhesha alama katika sarufi yake iliyotoka mwaka 1927, aliupa mkono huo namba D37, na mkate wenyewe, unaposimama peke yake bila mkono, akaupa namba X8. Waandishi wa kale walitumia mojawapo ya alama hizo kwa sauti di, na walipotaka kuandika neno kamili walitanguliza picha ya mdomo, ambayo ni r. Kwa hiyo mdomo na mkono wenye mkate husomwa rdi. Irabu hazikuandikwa, na hiyo i ya mwisho ni konsonanti dhaifu ambayo mara nyingi haionekani kwenye maandishi. Sisi wanafunzi tunatamka "redi" na "di" ili tu tuweze kuzungumza. Katika maandishi ya kale zaidi konsonanti ya katikati ilikuwa ḏ, sauti ambayo wanafunzi huitamka karibu na j yetu, ndiyo maana vitabu vingine huandika rḏi.

Kitenzi kina sura mbili, rdi na di, na zote mbili huishi bega kwa bega katika Kimisri cha Ufalme wa Kati, lugha ambayo wanafunzi wengi huanza nayo. Katika umbo lenye n ya jambo lililotimia, mwandishi aliweza kuandika rdi.n.f au di.n.f, maana yake "alitoa" (f ni "yeye", kama i itakavyokuwa "mimi"), na sijaona sababu ya kuamini kwamba msomaji wa wakati ule alihisi tofauti. Kitenzi-jina kinaipenda r, tena kinaongeza t mwishoni, kama ilivyo kawaida ya vitenzi dhaifu: rdit, "kutoa". Lakini umbo la kutakia au kutarajia, lile ambalo sisi tungelimalizia kwa -e, ni di.f, "atoe", na hapo mdomo huondoka kabisa. Katika kuamuru mambo huwa mageni zaidi, kwa kuwa r haipo, d haipo, na anayedai kupewa kitu husema imi, neno ambalo kwa macho halina udugu wowote na rdi. Hata picha yake ni nyingine, mkono ulioshika mkate wa mviringo.

Niliwahi kulalamika juu ya imi hiyo, kisha nikajionea aibu. Mtu ambaye lugha yake ina kuja lakini huamuru "njoo", ina kwenda lakini huamuru "nenda", ina kuleta lakini husema "lete", hana pa kusimama akiwashtaki Wamisri. Kitenzi chetu -pa nacho hakina nidhamu zaidi ya rdi, kwa maana hakiwezi kusimama bila kiambishi cha mpokeaji, na ukikiondoa kiambishi hicho katika "alimpa" unabaki na "alipa", ambayo ni habari ya madeni. Vitenzi vinavyotumika kutwa nzima ndivyo vinavyochakaa na kupinda, na rdi kilitumika kutwa nzima kwa zaidi ya miaka elfu tatu.

Kilichoniangusha, hata hivyo, hakikuwa umbo. Ilikuwa sentensi moja katika hadithi ya Sinuhe, ambayo nakala yake maarufu iko katika mafunjo ya Berlin namba 3022. Sinuhe ni mtumishi wa jumba la mfalme ambaye, baada ya kifo cha Amenemhat wa Kwanza, anashikwa na hofu na kuikimbia Misri, anavuka mpaka wa mashariki, na hatimaye anapokelewa na Ammunenshi, mtawala wa Retjenu ya Juu, upande wa Shamu. Akisimulia alivyotendewa na mtawala huyo, anasema: rdi.n.f wi m-ḫꜣt ẖrdw.f. Nilikuwa na daftari langu lenye "rdi = kupa", kwa hiyo nilitafsiri kwa uhakika kabisa: "Alinipa mbele ya watoto wake." Halafu nikaanza kukitafuta hicho alichopewa. Hakikuwamo. Niliangalia mstari uliotangulia na uliofuata, nikadhani mwandishi wa mafunjo ameruka neno, nikaandika pembeni "neno limepotea?"

Hakuna neno lililopotea. Kosa lilitoka katika Kiswahili changu mwenyewe. Kitenzi -pa humweka mpokeaji mahali pa shamirisho: katika "alinipa mkate", kiambishi -ni- kinamrejelea anayepokea, na mkate hufuata nyuma kama mgeni. Kimisri kinafanya kinyume. Shamirisho ya rdi ni kile kitu kinachotoka mkononi, na mpokeaji hutanguliwa na n, ambayo ni "kwa". Kwa hiyo "alinipa" ni rdi.n.f n.i, yaani "alitoa kwangu", huku rdi.n.f wi ikiwa na kiwakilishi wi, ambacho ni "mimi" kama kitu kinachotolewa. Aliyetolewa ni Sinuhe mwenyewe. Ammunenshi alimshika, kwa namna ya kusema, akamweka mbele ya watoto wake. Hapo ndipo nilipokata neno "kupa" kwa mara ya kwanza.

Sentensi inayofuata, kwa wanaopenda, inasema kwamba mtawala huyo alimfunga Sinuhe gatini kwa binti yake mkubwa: mni.n.f wi m sꜣt.f wrt. Kitenzi mni ni cha vyombo vya majini, nanga na gati, na kwa taifa lililoishi juu ya mto si ajabu kwamba kuoa kulikuwa kutia nanga. Lakini narudi kwenye rdi, kwa sababu mara tu baada ya nanga hiyo kitenzi chetu kinajitokeza tena kwa sura ya tatu: rdi.n.f stp.i n.i m ḫꜣst.f. Ukiifuata neno kwa neno ni "alitoa nichague kwangu katika nchi yake", na maana yake ni kwamba alimruhusu ajichagulie sehemu anayoitaka ya nchi. Hapa hakuna mkate, hakuna mtu aliyewekwa mahali. Kilichotoka mkononi mwa mtawala ni tendo zima, "nichague", likiwa na mtenda wake mwenyewe.

Nadhani muundo huu wa tatu unatusumbua zaidi tunaposoma sarufi zilizoandikwa kwa lugha za Ulaya, ambako "kumfanya mtu achague" huelezwa kwa kitenzi-jina na mtenda huishia kuwa shamirisho ya kitenzi cha kwanza. Kiswahili hakihitaji mzunguko huo. Tunasema "aliniacha nichague", "alinifanya nichague", na kitenzi cha pili kinabeba kiambishi cha mtenda na -e yake ya mwisho, sawasawa na stp.i, ambacho nacho ni umbo la kutarajia lenye mtenda wake. Ningemshauri Mswahili yeyote anayejifunza Kimisri atafsiri miundo ya rdi moja kwa moja kwa Kiswahili bila kupitia lugha ya tatu; ataokoa jasho jingi. Jambo moja tu abaki nalo akilini, kwamba rdi haituambii kama mtu alilazimishwa au aliruhusiwa. Mfalme anayesababisha askari waingie vitani na mwenyeji anayemwacha mgeni achague shamba wanatumia kitenzi kilekile, na ni mazingira ya habari yanayoamua.

Kimisri kilikuwa na njia nyingine, ya zamani zaidi, ya kusababisha, nayo inafanana na -isha yetu isipokuwa imekaa mbele badala ya nyuma. Kiambishi s- kilitangulizwa kwenye kitenzi: ꜥnḫ ni kuishi, sꜥnḫ ni kuhuisha, mn ni kuwa imara, smn ni kuimarisha, nfr ni kuwa mzuri, snfr ni kupendezesha. Ila s- haikuweza kubandikwa popote mtu alipotaka. Ilikuwa mali ya vitenzi fulani vilivyorithiwa hivyo, na kadiri lugha ilivyoendelea ilikoma kuzaa maneno mapya. Kazi hiyo ikaangukia kwenye rdi, ambacho kiliweza kufuatwa na kitenzi chochote. Matokeo yake tutayaona mwishoni.

Kwa sasa nataka kuonyesha jinsi maana mbili za kwanza, kutoa na kuweka, zinavyoishi pamoja bila kugombana. Sinuhe, akijisifu juu ya ukarimu wake ugenini, anasema: iw.i di.i mw n ib, rdi.n.i tnm ḥr wꜣt. "Nilikuwa nikimpa maji mwenye kiu, nilimtia njiani aliyepotea." Katika kipande cha kwanza kitu ni maji na mpokeaji ana n yake, kwa hiyo tunatafsiri "kupa". Katika kipande cha pili kitu ni mtu aliyepotea, na mahali pake ni ḥr wꜣt, "juu ya njia", kwa hiyo tunatafsiri "kutia" au "kuweka". Msimulizi haoni kwamba amebadilisha kitenzi, kwa sababu hajabadilisha. Anachofanya ni kilekile: kuna kitu mikononi mwake, maji au mtu, naye anakiachia kifike kinapotakiwa kuwa. Tofauti ya "kupa" na "kutia" ni yetu sisi, tunaozigawa kazi hizo kwa maneno mawili.

Baada ya kuliona hilo, misemo mingi iliyokuwa ikinitisha kwenye kamusi ilitulia. Rdi m ḥr, "kuweka usoni", ni kumwamuru mtu au kumkabidhi kazi. Katika Mafundisho ya Khety, yale yanayozibeza kazi zote isipokuwa ukarani, baba anamtaka mwanawe autie moyo wake kwenye maandishi, na kitenzi kinachoubeba moyo huo ni rdi. Rdi ḥr gs, "kuweka upande", ni kupendelea, na nimeupenda msemo huu kuliko mingine kwa sababu unanukia mizani: hakimu anaweka kitu upande mmoja, mizani inaelemea. Katika kaburi la Rekhmire huko Thebes, waziri mkuu wa Thutmose wa Tatu, yameandikwa maneno ambayo mfalme humwambia waziri anapomsimika, na mojawapo ni bwt nṯr pw rdit ḥr gs: kupendelea ni chukizo kwa mungu. Angalia kwamba hapo tunacho kitenzi-jina rdit kikiwa na r na t zake, kikifanya kazi ya nomino, kama "kupendelea" kwetu inavyofanya.

Kitenzi-jina hicho kina tabia nyingine ambayo Mswahili ataitambua. Sinuhe anapotoroka anasema rdit.i wꜣt n rdwy.i, ambayo kwa maneno matupu ni "kutoa kwangu njia kwa miguu yangu", yaani niliipa miguu yangu njia, nikashika safari. Katika usimulizi Mmisri angeweza kuacha maumbo ya kawaida ya kitenzi na kuweka kitenzi-jina kikibeba tukio, hasa kwenye hatua za safari. Nasi, katika "akaamka na kuondoka", huacha ku- ibebe tukio la pili bila kulitaja wakati wake. Mifumo miwili hii haitoki kwenye chanzo kimoja wala sidai hivyo, lakini anayeijua mmoja haushangai mwingine. Na kabla sijaiacha sentensi hiyo, jinsi njia inavyokuwa kitu na miguu inavyokuwa mpokeaji, wenye n yao, ni jambo ambalo hufurahisha kila ninapolisoma.

Mwisho wa hadithi, Sinuhe anaporudishwa Misri mzee na kusamehewa, anasema rdi.kwi r pr sꜣ-nsw, "niliwekwa katika nyumba ya mwana wa mfalme". Mwisho -kwi ni wa umbo la hali, linaloeleza mtu alivyo baada ya tendo kumfikia, na kwa kitenzi kama hiki humaanisha kutendwa. Hapo tena anayewekwa ni yeye mwenyewe. Muda mfupi baadaye, akiwa ameogeshwa na kunyolewa, anatamka rdi.n.i šꜥ n imyw.f: "niliwaachia mchanga walio ndani yake." Niliijaribu sentensi hiyo kwa "niliwapa", ikawa zawadi ya ajabu; "niliwaachia" ndiyo inayotoa ile sauti ya mtu anayekung'uta vumbi la jangwa na kugeuza uso.

Kuna umbo moja ambalo sijaligusa, nalo ndilo lililochafua robo ya chini ya ukurasa wangu. Vitenzi vya kundi hili dhaifu, katika maumbo fulani, hurudufu konsonanti ya mwisho iliyo imara, na rdi kikirudufu hupoteza r na kuwa dd. Katika maandishi ya kisasa dd hii hukaa karibu mno na ḏd, kitenzi cha "kusema", na jioni moja nilitafsiri nusu ukurasa ambapo miungu walikuwa wakisema mikate na bia. Kwenye jiwe lenyewe hatari hiyo haipo, kwa kuwa "kusema" huanza kwa nyoka na "kutoa" huonyesha mikono miwili yenye mikate au mikate miwili, mmoja baada ya mwingine. Nilichojifunza ni kutotegemea herufi za Kilatini nilipo na picha mbele yangu.

Urudufu huo hueleza tendo la mazoea au linaloendelea, hasa katika maumbo ya sifa na maumbo rejeshi: dd ni "atoaye", anayetoa siku zote, tofauti na rdi, "aliyetoa" mara moja. Katika sentensi kuu, dd.f ina kazi nyingine iliyowasumbua wataalamu kwa vizazi. Ni Hans Jakob Polotsky ambaye, kwa uchunguzi wake wa sintaksia ya Kikopti, hatua ya mwisho ya lugha ya Kimisri, uliochapishwa mwaka 1944, aliwafungulia wenzake njia ya kuona kwamba maumbo ya aina hii hukisukuma kitenzi nyuma na kuipa uzito sehemu nyingine ya sentensi, kama mahali, namna au sababu. Sisi hufanya hivyo kwa "ndi-" na o-rejeshi. "Anatoa asubuhi" ni habari ya kutoa. "Ni asubuhi ndipo anapotoa" ni habari ya asubuhi. Dd.f huwa upande wa pili.

Mfano bora wa dd ninaoujua umo katika fomula ambayo pengine ndiyo sentensi iliyoandikwa mara nyingi kuliko nyingine yoyote katika historia ya Misri ya kale. Ingia katika jumba lolote la makumbusho lenye vitu vya Misri, simama mbele ya jiwe la kumbukumbu la marehemu, na kwa kawaida mstari wa kwanza utaanza kwa picha ya mmea wa mfalme na herufi t, kisha mkeka wenye mkate juu yake, kisha mkate uliochongoka. Hizo ni nsw, ḥtp, di. Neno nsw, "mfalme", limetangulizwa kwa heshima tu, halikusomwa hapo. Usomaji ni ḥtp-di-nsw, "sadaka aliyoitoa mfalme". Fomula hii ilianza kwenye makaburi ya Ufalme wa Kale na ikaendelea hadi nyakati za Warumi. Wataalamu wamebishana juu ya sarufi ya di hiyo, kama ni umbo rejeshi ("sadaka aitoayo mfalme") au ni sentensi ya kutakia ("mfalme na atoe sadaka"), na katika nakala za zamani mungu naye ana ḥtp-di yake, kwa mfano "sadaka aliyoitoa mfalme, sadaka aliyoitoa Anubi". Mimi hulisoma kama umbo rejeshi, na sioni haya kusema kwamba sababu mojawapo ni kuwa linasomeka vizuri kwa Kiswahili.

Baada ya jina la mungu, kwa mfano Osiri, bwana wa Busiri na wa Abido, hufuata di.f prt-ḫrw: "ili atoe sadaka ya sauti", ya mikate na bia, ng'ombe na ndege, vyombo vya alabasta na nguo. Miungu wakiwa wengi, di.f hugeuka di.sn, "watoe". Hilo ndilo umbo la kutakia nililolitaja mwanzoni, lisilokubali r, na ndipo mwanafunzi anapolikariri bila kujua kwamba anakariri sarufi. Mfalme anatoa kwa mungu, mungu anatoa kwa marehemu: mkate uleule unapita mikononi mwa watu watatu, na kila unapopita kuna rdi. Kisha, kwenye mawe yaliyoandikwa kwa ukarimu zaidi, orodha humalizikia kwa maneno haya: ddt pt, qmꜣt tꜣ, innt ḥꜥpy, ꜥnḫt nṯr im. "Vitolewavyo na mbingu, viumbwavyo na nchi, viletwavyo na mafuriko ya Nile, ambavyo mungu huishi kwavyo." Tazama ddt: imerudufiwa kwa sababu mbingu haijatoa mara moja tu, inatoa kila mwaka, na innt, kutoka ini, "kuleta", imerudufiwa kwa sababu ileile. Ile t ya mwisho katika kila umbo ni ya jinsia ya kike, kwa kuwa neno ḫt, "vitu", lilikuwa la kike, na Wamisri waliitumia jinsia hiyo kwa mambo yasiyotajwa, kama sisi tunavyotumia vi-.

Kitenzi hiki kinapokanushwa maana yake ya kuruhusu hujitokeza peupe. Katika Kitabu cha Wafu vichwa vingi vya sura huanza r n tm rdi, "maneno ya kutoacha", yaani ya kuzuia jambo fulani lisitokee. Sura ya 30, ambayo toleo lake linaloitwa 30B lilichongwa kwenye sanamu za mawe za mbawakawa zilizowekwa kifuani pa marehemu, inahusu kuuzuia moyo wa mtu usimpinge katika ulimwengu wa wafu: tm rdi ḫsf ib n s r.f. Kitenzi tm ndicho kinachokanusha, na rdi kinachokifuata hupoteza t ya kitenzi-jina na kubaki uchi. Nilipolitafsiri neno hilo kwa "kutotoa" sikupata kitu. Kwa "kutoacha" kila neno likakaa mahali pake, likiwamo ḫsf na mtenda wake ib, moyo, ambao ndio unaokatazwa kusema.

Baadaye, katika milenia ya kwanza kabla ya Kristo, di iliingia katika majina ya watu kwa wingi. Petosiri, ambaye kaburi lake huko Tuna el-Gebel linafanana na hekalu, ni Pꜣ-di-Wsir, "yule ambaye Osiri amemtoa". Petubasti ni "yule aliyetolewa na Basteti". Msomaji wa Biblia anamjua Potifera, kuhani wa Oni, mkwewe Yusufu: Pꜣ-di-pꜣ-Rꜥ, aliyetolewa na Ra. Mtoto ndiye kitu kinachotolewa, wala si mpokeaji. Sarufi ni ileile iliyonishinda kwa Ammunenshi.

Hatimaye Wamisri walianza kuandika lugha yao kwa herufi za Kigiriki, na hapo Kikopti kinatupatia irabu ambazo hieroglifi zilitunyima. Kitenzi-jina rdit, ambacho kilikuwa kimeshakuwa dit, kinatamkwa ti, na kinaandikwa kwa herufi moja tu, ϯ, ambayo ndiyo ya mwisho katika alfabeti ya Kikopti. Mdomo, mkono, mkate na t vyote vimeingia katika alama moja. Ila di ya kusababisha haikusimama peke yake tena. Ilishikana na kitenzi kilichoifuata hadi ikawa t- mbele yake. Dit ꜥnḫ.f, "kumfanya aishi", ikawa tanho, kuhuisha. Dit ꜥḥꜥ.f, "kumfanya asimame", ikawa taho, kusimamisha. Dit wꜥb.f, "kumfanya awe safi", ikawa toubo katika lahaja ya Bohairi, kutakasa. Yaani Kimisri, baada ya kukipoteza kiambishi s-, kilijitengenezea kingine kutokana na kitenzi kizima cha kutoa.

Imi ya kuamuru nayo haikufa. Ikawa ma, "toa!", na ikiunganishwa na iri, "kufanya", ikazaa mare-, inayotangulia kila jambo linalotakiwa litokee. Lahaja ya Bohairi ndiyo inayotumika hadi leo katika ibada za Kanisa la Kikopti la Misri, na Sala ya Bwana kwa lahaja hiyo inasema mareftoubo nje pekran, "jina lako litakaswe". Neno mareftoubo nimelichambua kwenye daftari kwa wino mwekundu: ma ni imi, re ni iri, f ni "yeye" anayerejelea jina, t ni dit, na kinachobaki ni wꜥb, usafi. Kitenzi chetu kimo mara mbili ndani ya neno moja, mara ya kwanza kikiamuru na mara ya pili kikisababisha, na waumini wengi wanaolitamka hawana haja ya kujua.

Mistari michache mbele panaombwa mkate: penoik nte rasti meif nan mfoou, "mkate wetu wa kesho utupe leo." Neno oik ni mkate, ꜥqw ya zamani, na mei- ni imi tena. Nilipoifikia sentensi hii nilikuwa tayari nimejifunza pa kuangalia kwanza. Ile f iliyobandikwa kwenye kitenzi kama shamirisho ni mkate, na wapokeaji wamesogezwa nyuma na kutanguliwa na n: nan, "kwetu".